Ushauri wa sheria: Niliumwa na mbwa wa mteja wangu, naye ananionyesha kibao cha "Mbwa Kali"

Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Kisauni hapa Mombasa, na riziki yangu ni mahamri na mbaazi za nazi, ambazo hupika alfajiri na kuzipeleka kwa wateja majumbani. Kwa zaidi ya miaka 2 nimekuwa nikipeleka mahamri kila asubuhi katika nyumba moja upande wa Nyali. Mama mwenye nyumba ndiye aliyeniagiza kwa kinywa chake baada ya kuonja kwa jirani yake, na desturi yetu imekuwa moja siku zote. Nafika saa kumi na mbili na nusu, nabisha lango, bawabu ananifungulia, napita ubavuni mwa nyumba hadi mlango wa jikoni, naweka mahamri 20 katika sahani ya dada wa kazi, nalipwa kwa M-Pesa, kisha naondoka. Mbwa wao, jibwa kubwa la rangi ya kahawia, huwa amefungiwa bandani nyuma ya nyumba mpaka niwe nimetoka.

Siku 19 zilizopita bawabu alinifungulia kama kawaida, lakini mbwa hakuwa bandani. Nilikuwa nimeshalipita gari lao niliposikia makucha yakikwaruza saruji nyuma yangu, na kabla sijageuka alikuwa amenishika shavu la mguu wa kulia. Ndoo ikanitoka mkononi na mahamri yakatawanyika uani. Bawabu ndiye aliyemvuta kwa mkanda wa shingoni. Nilipotazama chini, buibui lilikuwa limechanika na damu imejaa ndani ya kiatu. Alama za meno zilikuwa nne, na moja ilizama sana, hata daktari akasema haifai kushonwa siku ile, iachwe wazi kwanza.

Mama mwenye nyumba alitoka akanipa pole na shilingi 2,000, akanitaka niandike katika daftari la mtoto wake maneno haya: "Nimepokea shilingi 2,000 za sindano," nikaweka jina na tarehe. Hospitalini nilidungwa ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda, nikaambiwa nirudi siku ya tatu, ya saba, ya 14 na ya 28. Ya siku ya tatu nilijilipia mwenyewe. Ya saba sikuweza, kwa sababu mguu ulikuwa umevimba, sipiki wala siuzi, na watoto wanataka kula. Mpaka leo sijarudi.

Nilipompigia simu baba mwenye nyumba kumweleza hali yangu, alinijibu kwamba langoni kuna kibao kilichoandikwa "MBWA KALI", na kila anayeingia anaingia kwa hiari yake. Baada ya siku chache akamtuma bawabu na shilingi 5,000 pamoja na karatasi iliyopigwa chapa, inayosema kwamba nimelipwa kikamilifu na sitadai kitu kingine chochote, sasa wala baadaye. Bawabu ameambiwa asinipe pesa mpaka niweke saini. Sijaweka. Nilipomuuliza habari za yule mbwa, akasema amepelekwa shambani Kilifi siku ya pili yake. Kijana wa bodaboda anayeegesha kwenye njia panda ameniambia kwamba mwezi wa Ramadhani mbwa huyo alimrarua suruali alipoleta mzigo, na wenyewe wakamlipa suruali mpya.

Nyumbani naambiwa mwenye nguvu mpishe. Mama mkwe anasema nitapoteza mteja, na nikienda mahakamani nitakula akiba yote kwa mawakili. Polisi sijafika. Naomba unieleze: kibao kile kinanifunga? Nina haki ya kudai nini? Na nikisaini ile karatasi nipate za sindano, nitakuwa nimejiharibia?

Mama Mahamri, Kisauni

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole sana kwa maumivu na kwa hofu uliyoishi nayo siku zote hizi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ingawa umeniuliza juu ya sheria, jambo lililonishtua ndani yake kuliko kibao na kuliko karatasi ni sindano uliyoikosa. Nakusihi upange namna ya kufika hospitalini leo hii, kabla ya kwenda polisi na kabla ya kumjibu mtu yeyote. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, ugonjwa huo huua karibu kila anayeupata, na mara nyingi dalili hizo huchukua miezi miwili au mitatu kutokea, ndiyo maana mtu huona kidonda kimefunga akadhani ameshaponea. Chanjo hufanya kazi katika kipindi hicho cha kimya. Usione haya kwamba umechelewa, kwa kuwa ratiba ikikatika kanuni ya kitabibu ni kuendelea pale ulipoachia, si kuanza upya. Chukua kadi yako, waeleze ukweli wa tarehe, nao watakupangia sindano zilizobaki. Ikibidi ukope kwa ajili ya hizo, kopa, na uweke risiti, kwa maana fedha hizo zinadaiwa kwa mwenye mbwa kama nitakavyokueleza.

Habari ya mbwa kupelekwa Kilifi inaongeza uzito wa haya. Mbwa aliyemuuma mtu hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu mbwa aliyekuwa akitoa virusi mateni siku alipouma huugua au hufa ndani ya siku hizo. Akiwa hai na mzima baada ya muda huo, daktari anaweza kukwambia kwamba hatari imeondoka. Siku 10 zimekwisha pita tangu uumwe, kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye mbwa ni jepesi na una haki ya kujibiwa: mbwa yuko hai, yuko wapi, na kadi yake ya chanjo iko wapi? Asipojibu, nenda ukatoe taarifa katika ofisi ya mifugo ya kaunti, kwa kuwa Kenya ina sheria mahususi ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, na afisa wa mifugo ana uwezo wa kumfuatilia mnyama ambao wewe huna. Jambo moja nawaomba na wasomaji wengine: msimuue mbwa aliyemuuma mtu kwa hasira, wala msimtie sumu. Mkimpoteza mnyama mmepoteza njia ya kujua kama alikuwa mgonjwa, na mmepoteza ushahidi.

Nakuja sasa kwenye kibao. Kibao hicho, ambacho Kenya nzima huandikwa "MBWA KALI" hata kama sarufi ingetaka vingine, kimewatisha watu wengi wenye haki zao wakanyamaza. Wenye nyumba hukitundika wakiamini kwamba kinawakinga na kila dai, na waumwaji nao wakaamini hivyo hivyo. Sheria haisemi hivyo.

Katika Kenya, dhima ya mwenye mbwa hutokana kwa sehemu kubwa na sheria ya mapokeo ya Kiingereza, ile iliyojengwa na hukumu za majaji na kupokelewa kwetu kupitia Sheria ya Mahakama, Sura ya 8. Chini yake, mwumwaji ana njia mbili za kudai. Njia ya kwanza husema kwamba mtu anayefuga mnyama huku akijua kuwa mnyama huyo ana tabia ya kudhuru watu hubeba dhima ya madhara anayoyafanya, hata kama siku hiyo alijitahidi kumfunga. Hapa kinachotafutwa na mahakama ni kujua kwake. Watu husema kwamba mbwa huachiliwa mara ya kwanza, ashtakiwe ya pili. Huko ni kukosea, maana si lazima awe amekwisha kumtoa mtu damu, bali inatosha kwamba mwenyewe alijua kwamba mbwa wake hurukia watu au hujaribu kuwauma. Sasa tazama ulichonacho mkononi. Una kijana wa bodaboda aliyeraruliwa suruali katika Ramadhani, na wenye nyumba wakamlipa, jambo linaloonyesha kwamba walijua. Una desturi ya miaka 2 ya kumfungia mbwa bandani kabla ya kukufungulia wewe, jambo linaloonyesha kwamba walijua. Na una kibao kilichotundikwa na mwenye nyumba mwenyewe, kwa herufi kubwa, kinachomwambia kila mpita njia kwamba mbwa wa humu ni mkali. Sikwambii kwamba kibao peke yake kitakushindia kesi, kwa sababu wengine hukitundika kutisha wezi hata kama mbwa wao ni mpole. Lakini kikiwekwa pamoja na yale mengine, kinasimama upande wako. Kipige picha, lango likionekana, kabla hakijaondolewa.

Njia ya pili ni ya uzembe, nayo haihitaji kuthibitisha kwamba mbwa alijulikana kwa ukali. Huuliza kama mwenye mbwa, au mtu anayemfanyia kazi, alichukua tahadhari ambayo mtu mwenye busara angeichukua. Bawabu alikufungulia lango saa ile ile anayokufungulia kila siku, bila kuhakikisha kwamba mbwa yuko bandani. Kosa hilo alilifanya akiwa kazini, na kosa la mfanyakazi akiwa katika kazi ya mwajiri wake humrudia mwajiri. Nalisema hili kwa sababu najua namna mambo haya yanavyokwenda: baba mwenye nyumba ataona ni rahisi kumtupia bawabu lawama zote, pengine hata kumfukuza, na wewe kwa huruma utasita kudai. Dai lako ni juu ya mwenye mbwa, wala hulazimiki kumdai bawabu hata senti moja.

Kuhusu maneno kwamba uliingia kwa hiari yako, tofautisha mtu aliyeruka ukuta usiku na mama aliyeagizwa mahamri. Wewe ni mgeni halali, uliyealikwa na kufunguliwa mlango. Sheria ya Kenya juu ya wajibu wa mwenye jengo kwa wanaoingia humo, Sura ya 34, humtaka awahakikishie wageni wa namna yako usalama wa kadiri inayofaa kwa shughuli iliyowaleta. Inasema pia kwamba onyo peke yake halimwondolei wajibu, ila liwe ni onyo linalotosha kumwezesha mgeni kuwa salama. Jiulize, maneno mawili langoni yangekusaidia nini wakati njia ya jikoni ndiyo hiyo hiyo moja, na mwenye kukufungulia ndiye aliyekuonyesha kwamba mambo ni salama kama jana na juzi? Hali ingekuwa nyingine kama ungeambiwa "ngoja nje, mbwa hajafungwa" ukapita kwa nguvu, au kama ungemchokoza mnyama. Hapo mahakama hupunguza fidia kwa kiasi cha kosa la mwumwaji mwenyewe, na pengine huliondoa dai lote. Katika maelezo yako sioni kosa la namna hiyo.

Hebu tuone unachoweza kudai. Fidia ina mafungu mawili, na ni vizuri uyajue kwa sababu kila moja huthibitishwa kwa namna yake. La kwanza ni gharama na hasara zinazohesabika: sindano zote, zile ulizodungwa na zile zilizobaki, dawa na bandeji, nauli ya tuktuk ya kwenda na kurudi kila siku ya hospitali, buibui lililochanika, mahamri yaliyomwagika, na mapato uliyoyakosa. Fungu hili mahakama ni kali nalo, maana kila shilingi lazima itajwe katika madai na ithibitishwe, na mtu akisema "nilitumia kama elfu kumi hivi" bila karatasi, huondoka bila hizo elfu kumi. Risiti uliyotupa, rudi hospitalini uombe nakala. Mapato yako nayo yanathibitika kuliko unavyodhani. Wateja wako wanakulipa kwa M-Pesa, basi omba taarifa ya akaunti yako ya miezi 6 iliyopita, na kila asubuhi ya biashara itaonekana humo, pamoja na zile siku 19 ambazo hakuna kilichoingia. Iambatanishe na daftari lako la unga, sukari na nazi, ili ionekane faida ni ipi baada ya gharama, kwa kuwa kinachodaiwa ni faida wala si mauzo yote. Fungu la pili ni fidia ya maumivu, hofu, kovu na usumbufu wa kutembea, ambayo haina risiti. Mahakama huikadiria kwa kusoma taarifa ya daktari na kulinganisha na hukumu zilizotolewa kwa majeraha yanayofanana na lako, kwa hiyo ubora wa taarifa hiyo ndio uzito wa fungu hili.

Taarifa hiyo ndiyo inayokupeleka polisi. Nenda kituo kilicho karibu na mahali ulipoumiwa, eleza kisa chote, hakikisha kimeandikwa katika kitabu cha matukio na upewe nambari ya OB, kisha uombe fomu ya P3. Fomu hiyo haiuzwi, na anayekuitisha pesa ili akupe anakosea. Utaipeleka kwa daktari wa serikali aijaze, naye ataandika aina ya jeraha, kina chake na matibabu. Usione aibu kuuonyesha mguu wote, na kabla haujapona sawasawa piga picha za mchana zinazoonyesha zile alama nne. Buibui lililochanika usilifue wala usilitie kiraka. Lifunge katika mfuko wa karatasi uliweke. Mwombe yule kijana wa bodaboda akuandikie, kwa mkono wake na kwa tarehe, yaliyompata, kwa sababu leo yuko njia panda na mwakani huenda akawa Malindi.

Taarifa ya polisi ina faida nyingine. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinalifanya kuwa kosa la jinai kwa mtu kuacha, kwa uzembe, kuchukua tahadhari juu ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Polisi wakichunguza na mwendesha mashtaka akaona ushahidi unatosha, mwenye mbwa anaweza kushtakiwa, na akipatikana na hatia, kifungu cha 31 kinairuhusu mahakama kumwamuru amlipe fidia aliyeumia. Hata hivyo kesi ya jinai ni ya serikali, haiendi kwa mwendo wako, wala kuwapo kwake hakukuzuii kufungua madai yako mwenyewe.

Madai hayo, kwa kiwango chako, yanaingia Mahakama ya Madai Madogo, na hapa ndipo ninapotaka mama mkwe wako asikilize. Mahakama hiyo imeundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ilianza kazi Nairobi mwaka 2021, na Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yake inataja waziwazi fidia ya majeraha ya mwili. Hulazimiki kuwa na wakili; unasimama mwenyewe mbele ya mwamuzi na kueleza yaliyokupata. Kanuni kali za ushahidi zinazowatisha watu katika mahakama nyingine zimelegezwa, Kiswahili ni lugha halali ya mahakama, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Anayeshindwa anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria tu. Karatasi za kufungua dai hupakiwa katika mtandao wa Mahakama, na kama huna uzoefu, kijana wa saiba au karani wa mahakama atakusaidia. Ukiona bado mzigo ni mzito, Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa na wamezoea kuwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili, na kuna pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka huo huo wa 2016.

Muda ulio nao kisheria ni miaka 3 tangu siku ulipoumwa. Aliyeumwa akiwa mtoto hesabu yake huanza anapotimiza miaka 18, ingawa mzazi anaweza kudai kwa niaba yake mapema, na ni vizuri afanye hivyo wakati mashahidi wangali wanakumbuka. Nakuomba nawe usiitegemee miaka hiyo mitatu. Bawabu hubadilishwa, kibao huondolewa, kovu hufifia.

Kuhusu karatasi, usiisaini. Maneno uliyoandika katika daftari la mtoto hayajakudhuru, kwa kuwa yanasema umepokea shilingi 2,000 za sindano, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hiyo ni stakabadhi, na kiasi hicho kitatolewa katika jumla ya unachodai. Karatasi ya pili ni kitu kingine kabisa. Inakutaka uuze dai lako lote kwa shilingi 5,000, kabla hujamaliza chanjo, kabla hujajua mguu utapona vipi, na mtu mzima akishasaini makubaliano ya namna hiyo kwa hiari, kuyavunja baadaye ni kazi ngumu na ya gharama. Wakikuletea pesa za sindano zipokee, uwaandikie stakabadhi kama ile ya kwanza: kiasi, tarehe, na kwamba ni sehemu ya gharama za matibabu. Wakisema pesa hazitoki bila saini ile, waache nazo. Kwa kweli inaniuma kuona mtu anamshikia mgonjwa fedha za chanjo ili ampokonye haki yake. Ningependa baba huyo, kama anasoma hapa, akumbuke kwamba mahamri yale aliyala mezani kwake kwa miaka 2.

Simaanishi kwamba usipatane nao. Katiba yetu, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize usuluhishi, na kwa watu wanaojuana, mapatano yaliyokaa sawa ni bora kuliko siku nyingi za kwenda na kurudi. Unaweza kumwomba mzee wa mtaa au imamu mnayemheshimu nyote akae nanyi. Lakini mapatano yafanyike baada ya kumaliza chanjo na kupata P3, yaandikwe kiasi chote na tarehe za kulipwa, na saini yako ije baada ya pesa kuingia. Wanaokwambia mwenye nguvu mpishe wanakutakia amani, siwalaumu. Ila wewe huendi kupigana na mtu. Unamwomba alipe alichoharibu, kama alivyolipa suruali ya yule kijana.

Hatua ya kwanza ya kudai ni barua. Iandike kwa Kiswahili chako, kwa adabu, bila vitisho, kwa mfano hivi:

"Kwako Bwana. Tarehe fulani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliumwa na mbwa wako ndani ya ua wako nilipokuwa nikileta mahamri mliyoniagiza, baada ya kufunguliwa lango na bawabu wako. Nimeambatanisha nakala za risiti, kadi ya chanjo, P3 na taarifa ya M-Pesa. Hadi sasa gharama na hasara zangu ni shilingi kadha, ambazo nimetoa humo 2,000 nilizopokea. Naomba unilipe kiasi hicho pamoja na fidia ya maumivu, na unijulishe hali ya mbwa na chanjo yake, ndani ya siku 14. Usipojibu, nitapeleka madai yangu mahakamani bila kukuarifu tena."

Iandike nakala mbili. Moja mpelekee langoni, bila kuingia ndani, na nyingine mwombe bawabu aandike jina lake, tarehe na saa aliyoipokea, kama nawe ulivyoandika katika lile daftari la mtoto. Akikataa, itume kwa WhatsApp kwa nambari ya baba mwenye nyumba, na uihifadhi picha ya ujumbe ukionyesha kwamba umefika. Lakini yote hayo ni ya kesho. Leo ni hospitali.